Kabla ya wembe, tuombe radio



Hapa mtaani kuna mtoto mwenye uvimbe kwenye vidole. Ulianza mmoja, leo ni mitano. Mingine migumu kama jiwe, mingine laini, ya rangi ya bluu, ukiibonyeza inanywea. Majirani wakasema karogwa. Mama akashauriwa ampeleke kwa mtu wa dawa, naye akachanja ule laini kwa wembe. Damu ikakataa kusimama. Usiku ule tulimkimbiza hospitali mgongoni.

Kule ndiko alikopigwa picha ya mifupa, ile sisi tunaita radio, na daktari akatoa jina: ugonjwa wa Maffucci. Ni jina la daktari Mwitaliano, Angelo Maffucci, aliyeueleza mwaka 1881. Ni ugonjwa nadra sana. Ndani ya mifupa kunaota vinundu vya gegedu, na kwenye ngozi au chini yake kunaota uvimbe wa mishipa ya damu. Ikiwa ni mifupa peke yake, bila mishipa, unaitwa Ollier.

Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba chanzo ni badiliko kwenye jeni ya IDH1 au IDH2, katika baadhi ya chembe za mwili tu. Mtoto hakurithi kwa mama wala baba. Hauambukizi. Basi tuache kunyoosheana vidole.

Angalia, radio ni kipimo cha kawaida. Vinundu vya gegedu vinaonekana kama matundu kwenye mfupa, na penye uvimbe wa mishipa mara nyingi kunaonekana vijiwe vidogo vya duara. Daktari akiwa na mashaka ndipo anaomba MRI au anachukua kinyama cha kupima. Mashaka yenyewe si ya bure: gegedu linaweza kugeuka kansa, hata mtu akiwa mkubwa. Maumivu mapya au uvimbe unaokua haraka, usingoje. Hapa Rwanda kuna kituo cha kansa Butaro tangu 2012.

Najua kuna atakayesema: malaria inatusumbua kila siku, wewe unatuletea ugonjwa wa mtu mmoja? Namjibu hivi: sikuombi ukariri jina. Nakuomba usiruhusu uvimbe usiojulikana ukatwe kabla haujapimwa. Hiyo inasaidia wenye uvimbe wote.

Wazazi, tunzeni ile picha. Sisi ni watu wa kuhamahama, na picha ya zamani ndiyo inamwonyesha daktari kama uvimbe umekua.

Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, nasema kwa heshima. Kwenye karatasi ya transfer neno "uvimbe" halitoshi. Andikeni ni mingapi, iko wapi, migumu au laini, ilianza lini. Wakimbizi wa mjini tulianza kuingizwa kwenye mituweli mwaka 2019, tunashukuru, ila mituweli hailipi nauli ya basi. Mtoto huyu atahitaji kuangaliwa miaka na miaka, hata siku anapocheza mpira vizuri tu. Msaada ukiishia siku ya kupata jina la ugonjwa, tutakuwa tumempa jina tu.