TAMKO LA TAWI: BOMBA LIPIMWE KABLA YA KUFUKIWA

Ndugu wanachama na wakazi wa mtaa wetu,

Bomba la majitaka tumelidai wenyewe. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam bado ni vyoo vya shimo na magari ya kunyonya, na masika kila mtu anajua kinachopita vichochoroni. Kwa hiyo asitokee mtu kusema tawi linapinga mradi.

Tunachopinga ni haraka ya kufukia. Maji safi husukumwa kwa presha. Majitaka hutegemea mteremko. Bomba likikaa vibaya kipande kimoja tu, uchafu unatuama na chemba inafurika uani kwa mtu. Kosa hilo halionekani siku ya kukata utepe, na kulirekebisha baadaye ni kuchimba barabara upya, kwa kodi zetu.

Tunataka mhandisi msimamizi apime mteremko na uvujaji kipande kwa kipande, na matokeo yabandikwe ofisi ya Serikali ya Mtaa. Malipo yanayozuiliwa kipindi cha matazamio yasiachiwe kabla masika moja haijapita na nyumba zilizoahidiwa hazijaunganishwa. (Bomba kuu lisilounganishwa na nyumba linamsaidia nani?)

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inatupa haki ya kuomba taarifa za mradi na kujibiwa ndani ya siku 30. Barua inapelekwa Jumatatu. Wa kusaini wafike ofisi ya tawi Jumamosi saa 4 asubuhi. Wajumbe waje na orodha ya nyumba zilizorukwa.

Imetolewa na Kamati ya Tawi.