Nta ya Sikio Si Uchafu

Kiswahili ni lugha yenye hekima nyingi, lakini katika jambo la masikio kimetuponza. Nta inayotoka sikioni tumezoea kuiita uchafu. Na kwa kuwa tumeiita uchafu, tumejipa ruhusa ya kuifukuza kwa kila silaha iliyo karibu: njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, kifuniko cha kalamu, pini ya nywele, na vile vijiti vyenye pamba pande zote mbili. Pita Mwanjelwa jijini Mbeya, au soko kuu la Iringa, utamkuta muuzaji amekaa akisubiri wateja, jicho moja amelifumba, anachokonoa sikio kwa utulivu wa mtu anayetenda wema. Mwulize anafanya nini, atakujibu kuwa anajisafisha. Mimi nasema anajiumiza, na nasema hivyo bila kuuma maneno.

Tuanze na nta yenyewe. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi, na mwisho wake ipo ngoma ya sikio, ngozi nyembamba ambayo unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Nta haitengenezwi huko ndani kwenye ngoma. Hutengenezwa na tezi zilizo sehemu ya nje ya tundu, karibu na mlango. Kazi yake ni kunasa vumbi na wadudu, kulainisha ngozi isikauke na kuwasha, na kuzuia maji yasiilowanishe. Tena ina uchachu kidogo, usiowapendeza bakteria na kuvu. Kwa watu wa nyanda hizi, ambao kiangazi hula vumbi la barabara kutoka Juni hadi mvua za kwanza, nta ni mlinzi aliyeajiriwa bila mshahara.

Na mlinzi huyu hujiondoa mwenyewe zamu yake ikiisha. Ngozi ya ndani ya sikio husogea polepole kutoka kwenye ngoma kuja nje, ikibeba nta kuukuu juu yake. Taya linapotafuna ugali au makande, nalo husaidia kuisukuma. Ikifika mlangoni hukauka, hudondoka, au huoshwa pamoja na uso asubuhi. Sikio zima halihitaji mfagizi.

Sasa tazama afanyacho mwenye kijiti. Wazee wanaojua gobore watanielewa mara moja. Gobore hushindiliwa kwa fimbo kutokea mdomoni: baruti hutiwa, kisha fimbo huisukuma hadi kitakoni ikakaa imara. Kijiti cha pamba sikioni ni fimbo ile ile. Kidogo hutoka na pamba, ndicho hicho mtu hukitazama kwa fahari na kusema, "Unaona uchafu huu?" Lakini hicho kilichotoka kingetoka chenyewe. Kinachobaki kimeshindiliwa ndani zaidi, mahali ambapo mwili hauna njia nyepesi ya kukitoa. Kesho anashindilia tena, na kesho kutwa. Baada ya muda sikio linaziba, linavuma, mwenyewe anasikia kizunguzungu, na dawa anayoikimbilia ni kijiti kingine. Basi mkono unaosafisha ndio mara nyingi unaoziba.

Najua nitajibiwa kwamba wazee wetu walichokonoa masikio na hawakufa. Ni kweli hawakufa. Lakini katika kila kijiji palikuwa na mzee wa kupigiwa kelele ndipo asikie, na hakuna aliyeuliza uziwi ule ulianzia wapi. Wengine wataniambia kuwa sikio linawasha, na kijiti kinaleta raha. Raha hiyo ni ya mtu mwenye upele: kadiri anavyokuna ndivyo anavyowashwa. Ngozi ya sikio iliyokwanguliwa nta yake hukauka, hupata michubuko, michubuko hukaribisha vijidudu, na muwasho huongezeka.

Wala vijiti hivi vya pamba si mila yetu ya kutetewa. Vililetwa sokoni Marekani miaka ya 1920 na Leo Gerstenzang, mzaliwa wa Polandi, ambaye inasimuliwa kuwa alimwona mkewe akizungushia pamba kwenye kijiti ili amsafishe mtoto. Leo maboksi mengi ya vijiti hivi yana onyo kwamba visiingizwe ndani ya tundu la sikio. Tatizo ni kwamba onyo lenyewe aghalabu limeandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi za sisimizi. Mama anayenunua pakiti dukani Uyole au Kihesa hauziwi onyo, anauziwa picha ya mtoto anayecheka. Nauliza: kama bidhaa inauzwa kwa Kiswahili, kwa nini hatari yake isisemwe kwa Kiswahili? Wenye mamlaka ya viwango na wenye maduka wote wana la kujibu hapo.

Lipo kosa jingine la kutojua, nalo ni kulitwisha tundu la nje kila lawama. Shuka na basi mlima Kitonga ukitoka Iringa kwenda Morogoro, au toka Mbeya, iliyo kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, uteremke kupitia Tukuyu hadi Kyela, ambayo haifiki mita 600. Njiani masikio yataziba, na utawaona abiria wakitia vidole na funguo. Bure! Hapo hakuna nta iliyoziba. Ni hewa iliyo nyuma ya ngoma, ambayo hufika huko kwa mrija mdogo unaotoka nyuma ya pua, na bado haijalingana na hewa ya nje. Meza mate, piga mwayo, au tafuna muwa, litazibuka. Mrija huo huo ndio unaopitisha mafua ya watoto hadi sikioni wakati wa baridi yetu ya Juni na Julai. Sikio la mtoto linalotoa usaha baada ya mafua si sikio chafu, ni sikio gonjwa, na linataka tabibu siku hiyo hiyo, si unyoya.

Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa kuwa gharama hulipwa na watoto. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kusema kuwa karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika. Sisi tunafanya nini? Mtoto aliyeziba masikio anakaa nyuma ya darasa lenye wanafunzi wengi, haitiki akiitwa, anaandika imla makosa matupu. Nyumbani anaitwa mkaidi, shuleni anaitwa mjinga, na pengine anapigwa kofi la sikio, kofi ambalo peke yake laweza kupasua ngoma. Mwalimu, kabla hujamshika fimbo, mwulize mzazi kama sikio la mtoto limewahi kutazamwa. Mzazi, kabla hujasema "sikio la kufa halisikii dawa", hakikisha kwamba linasikia.

Simdharau kiziwi ninaposema haya. Pale Iringa, Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianzisha kituo cha Neema Crafts mwaka 2003, kikianza na vijana 3 viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi, na kazi zao zilijulikana mbali. Kiziwi ana akili na mikono kama mimi na wewe. Lakini uziwi unaoletwa na njiti ya kiberiti haukuandikwa na Mungu. Tumeuandika wenyewe.

Basi lifanyike nini? Sikio la nje lioshwe kwa kitambaa chenye maji, liishie pale kidole kilichofunikwa kwa kitambaa kinapogota. Ndani pasiingizwe kitu. Kama nta imeziba kweli, kama ilivyo kawaida zaidi kwa wazee na kwa wanaovaa vifaa vya usikivu, matone machache ya mafuta safi ya zeituni yenye uvuguvugu wa mwili, kwa siku chache, huilainisha. Lakini hayo ni kwa sikio ambalo haliumi, halijawahi kutoboka, halijapasuliwa wala halitoi usaha. Likikataa, nenda zahanati au kituo cha afya ukatazamwe kwa kile kifaa chenye taa, na liko jambo la kuoshwa kwa maji ya vuguvugu na mtu aliyefundishwa. Mkojo, mafuta ya taa, maziwa ya mama na maji ya majani yaliyopondwa visitiwe sikioni kabisa. Mtoto akiingiza punje ya mahindi au haragwe, usimwagie maji, kwa maana haragwe hufura na kukaza. Mpeleke hospitali.

Madaktari bingwa wa masikio, pua na koo ni wachache nchini, na mtu wa Chunya au Kilolo huwafikia kwa nauli na taabu. Hilo ni deni la serikali, na tuidai. Lakini daktari bingwa hahitajiki ili mtu aweke kijiti chini. Hilo halina nauli, halina foleni, wala halihitaji kibali cha mtu. Mama, pakiti ile iliyo juu ya kabati itumie kwa kupaka dawa ya kidonda, na sikio la mwanao liachie nta yake.