Kimbunga Hakitangoja Tujipange

Kila mara Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa taarifa ya kimbunga, mwisho wake huwa ni ule ule: wananchi wanashauriwa kuchukua tahadhari. Utabiri wenyewe siku hizi umekuwa mzuri. Mei 2024, kabla Kimbunga Hidaya hakijafika Mafia tarehe 4, pwani nzima ilikuwa na habari zake. Boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimama na wavuvi waliambiwa wasiende baharini. Lakini mama wa Kilwa mwenye nyumba ya udongo, watoto wadogo na mkwe asiyeweza kutembea, achukue tahadhari ipi, kwa siku mbili, na kwa fedha ipi?

Wapo wanaoona swali hili halituhusu, kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Ni kweli kwamba karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuupindisha upepo mpaka uwe kimbunga, na hiyo ndiyo kinga yetu kubwa. Kinga hiyo haijawahi kuwa kamili. Mwaka 1872 Unguja ilipoteza karibu mikarafuu yake yote kwa dhoruba moja, na mwaka 1952 Lindi nayo ilipigwa. Mwaka 2019 watu wa Mtwara walitakiwa kuhama kwa ajili ya Kenneth, kikaishia kupiga Cabo Delgado. Mwaka 2021 Jobo kilidhoofika kabla ya kutufikia. Kunusurika mara mbili kumetuzoesha vibaya.

Kazi ya nyumbani inaanzia juu, kwenye bati. Upepo mkali hupenya chini ya ukingo wa paa na kulisukuma kwenda juu, na bati lililogongewa misumari michache hung'oka, kisha huruka kama panga na kumkata jirani. Fundi akiongeza misumari pembezoni, akazifunga kenchi kwenye ukuta kwa waya mgumu, nyumba inapata nafasi ya kusimama. Kazi hiyo hufanywa Septemba au Oktoba, kwa sababu msimu huanza Novemba na kwa kawaida huishia Aprili. Hidaya, kwa kuja Mei, kilitukumbusha kwamba hata kalenda haina uhakika.

Hata hivyo, mara nyingi kinachoua zaidi ni maji. Freddy kilipofika Malawi mwaka 2023 upepo wake ulikuwa umepungua, lakini mvua ilishusha tope na mawe kutoka milimani juu ya nyumba za Blantyre, wakafa mamia ya watu. Kwa hiyo aliyejenga bondeni au kando ya mto asijidanganye kwa bati imara. Yeye maandalizi yake ni kuondoka mapema, akiwa na vyeti na dawa za presha au sukari ndani ya mfuko wa nailoni, na noti ndogo ndogo mkononi, maana umeme na mtandao vikikatika, fedha iliyo kwenye simu haitoki.

Tunaambiwa pia tuweke akiba ya chakula cha siku tatu. Kwa mvuvi anayekula alichovua leo, ushauri huo ni mzito, na siku tatu zenyewe hazitoshi. Baada ya Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga, magari yakakwama kwa siku kadhaa. Kusini wanajua kuhifadhi makopa. Ghala dogo la kijiji lenye makopa na maharage lingesaidia zaidi kuliko kumlaumu mtu kwa kukosa akiba.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoliacha jambo hili mikononi mwa kaya peke yake. Kaya haiwezi kukimbilia mahali ambapo hapajatajwa. Mayotte, Desemba 2024, Chido kilipofagia vibanda vya mabati, wapo wahamiaji wasio na vibali waliokuwa wamebaki humo kwa sababu waliogopa kukamatwa wakienda kwenye makazi ya dharura. Sisi hatuna hofu hiyo, ila katika vijiji vingi hatuna jengo lililoteuliwa. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa kila miezi mitatu. Ule wa mwisho kabla ya Novemba uamue ni shule au msikiti gani wenye paa la kutegemewa, ufunguo unakaa kwa nani usiku, choo na maji vipo wapi, na ni vijana gani watakaombeba yule mkwe asiyetembea.