Walimu, Zijueni Mauntingi za Magari Yenu

Shule zinapofunguliwa katika nyanda hizi za chai, kutoka Kericho mjini hadi Litein, na kutoka Mogogosiek hadi Silibwet, nyua zake hujaa magari madogo ya walimu. Mengi yamenunuliwa kwa mkopo wa chama cha ushirika, na mengi yalikwisha kutumika Japani kabla ya kufika kwetu, kwa kuwa kanuni za Kenya huruhusu kuingizwa kwa gari ambalo halijapita umri wa miaka 8. Mwenye gari huyajua matairi yake, mafuta yake na tarehe ya bima yake. Lakini muulize injini yake imeshikwa na nini, naye atakujibu kwamba imefungwa kwa bolti. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na ile nusu iliyosalia ndiyo inayomgharimu.

Injini haikai juu ya chuma kitupu. Kati yake na bodi ya gari pana vipande vitatu au vinne vya mpira ulioshikamana na chuma, ambavyo mafundi wetu huviita mauntingi. Vipande hivyo vimepewa kazi mbili zinazovutana: kuishika injini isihame mahali pake, na papo hapo kuiachia itikisike bila ya kumtikisa aliyeketi kitini. Magari ya zamani injini zake zilifungwa moja kwa moja kwenye fremu, na msafiri alishuka meno yakigongana. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ilitoa gari la Plymouth ambalo injini yake iliwekwa juu ya mipira katika sehemu mbili zilizochaguliwa kwa hesabu, ili ipate kuyumba kuzunguka kitovu cha uzito wake. Citroën ya Ufaransa ikaichukua mbinu hiyo kwa leseni mara baada ya hapo. Mauntingi za leo ni wajukuu wa mipira ile, na baadhi yake zina umajimaji ndani wa kupunguza mtikisiko.

Mwanafunzi wa fizikia na achukue kalamu. Injini ya mitungi minne inayozunguka mara 750 kwa dakika, gari likiwa limesimama, huwaka mara mbili katika kila mzunguko. Hiyo ni mishindo 25 kwa kila sekunde, saa nzima ya msongamano, na yote hupokelewa na mpira.

Hilo ni jambo dogo. Kubwa ni mlima. Katika magari mengi ya familia injini imelazwa kwa upana, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Injini ya ukubwa wa sentimita za ujazo 1,500 hutoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita kama 130, lakini gia ya kwanza, pamoja na gia ya mwisho iliyo ndani ya giaboksi, huizidisha nguvu hiyo mara 10 au zaidi kabla ya kufika magurudumuni. Newton alitufundisha kwamba kila kani ina kani pinzani iliyo sawa nayo. Magurudumu yakisukumwa kwa nyutoni-mita 1,300, injini na giaboksi nazo hutaka kupinduka kinyume kwa kiasi hicho hicho, na kinachozizuia ni mauntingi. Ikiwa mauntingi mbili ziko nusu mita mbali, kila moja hubeba kani ya nyutoni 2,600, uzito unaokaribia mifuko mitano ya mbolea ya kilo 50. Mifuko hiyo huangushwa kila tunapoondoka kwa pupa kwenye mwinuko.

Sasa nitajieni wilaya ya tambarare katika nchi ya majani chai! Barabara zetu za changarawe hupanda na kushuka baina ya vituo vya kununulia majani, malori ya viwanda huzichimba mitaro msimu wa mvua, na mvua yetu haina msimu wa kujizuia sana. Gari dogo likikwama topeni, dereva hulitupa mbele, hulitupa nyuma, mbele tena, nyuma tena, na mpira ule ule husokotwa huku na huku. (Sitasema neno juu ya zile Probox zinazopanda mlima na abiria waliopakatana, wenye nazo wanajijua.) Ndiyo sababu sishawishiki ninapoambiwa kwamba mauntingi hudumu miaka kadha wa kadha, kwa kuwa miaka iliyohesabiwa kwenye lami ya Nagoya si miaka ya Konoin.

Mlima tutausamehe, kwani hatukuupanda sisi. Lipo kosa moja ambalo ni la mikono yetu, nalo ni kuosha injini kwa dizeli au mafuta ya taa. Nimeona jambo hilo katika vioshea magari vingi, na wenye magari wakishangilia jinsi chuma kinavyong'aa. Mpira wa asili ukilowa mafuta ya jamii hiyo huvimba, hulainika na kuachana na chuma. Oili inayovuja kwenye kifuniko cha vali na kuchuruzika juu ya mauntingi hufanya vivyo hivyo, ila polepole. Anayebadili mauntingi bila ya kuziba uvujaji huo anainunulia oili chakula kingine.

Dalili zake hazifichiki. Gari likisimama kwenye gia, usukani na viti hutetemeka. Ukihama kutoka gia ya nyuma kwenda ya mbele husikika mshindo mmoja mzito, kama mtu aliyebisha mlango kwa ngumi. Mwenye gari husikia hayo, akanunua plagi mpya, akasafisha nozeli, akalipa tena, na mshindo ukabaki pale pale. Injini yenye mtungi usiowaka hutetemeka pia, lakini huwa imepungukiwa na nguvu na hukohoa hata ikiongezwa mafuta. Ikiwa nguvu ipo na mtetemo upo, hapo tazama mpira kwanza. Fungua boneti, vuta breki ya mkono, dereva akanyage breki kwa nguvu na kuingiza gia ya mbele, kisha ya nyuma, kwa mafuta kidogo sana. Wewe simama kando. Kamwe usisimame mbele ya gari wala nyuma yake. Injini kuinama kidogo ni kawaida. Ikiruka, umepata jibu bila ya kulipa hata senti.

Wapo watakaosema kwamba gari lenye mauntingi iliyokatika bado linakwenda. Linakwenda, naam. Lakini injini iliyolegea huvuta mabomba, nyaya na ekseli, na mauntingi zilizosalia hubeba mzigo wa mwenzao hadi nazo zikatike. Mwisho wa mwaka 1971 General Motors ya Marekani ililazimika kuyaita magari ya Chevrolet yapatayo milioni 6.7, kwa sababu mauntingi ilipokatika injini iliweza kuinuka na kuukwamisha mtambo wa mafuta ukiwa wazi. Dawa iliyotolewa ilikuwa kamba ya chuma ya kuizuia injini isiinuke.

Kwa mafundi wetu wa jua kali nina ombi moja. Kujaza vipande vya tairi kuukuu ndani ya mauntingi huondoa mshindo kwa wiki chache na kuleta mtetemo wa kudumu, kwa sababu mpira wa tairi haukupimwa kwa uzito wa injini ile. Mauntingi iliyong'olewa kwenye gari lililovunjwa nayo ni kamari, maana mpira huzeeka hata ukiwa rafuni. Na inapofungwa mpya, injini iinuliwe kwa jeki yenye ubao juu yake, kisha bolti zikazwe mwisho, injini ikiwa imekwisha kutulia mahali pake, isije ikafungwa ikiwa imepindika.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 tuliahidiwa ufundi shuleni, na karakana nyingi hazikujengwa. Leo shule za sekondari msingi zina somo la maandalizi ya ufundi, na malalamiko ya kukosa vifaa ni yale yale. Mwalimu atakayebadili mauntingi muhula huu asimwachie fundi ile kuukuu. Aipeleke darasani, aifunge kwenye jiliwa, aikate katikati kwa msumeno wa chuma, na wanafunzi waone mpira ulipoachana na chuma. Atandike magazeti chini kwanza, kwa maana zile zenye umajimaji huchafua meza.