Skrini Isiyouza Kitu

Wanachuo wenzangu, tumezoea skrini kubwa za barabarani: soda, bando, kubeti. Unatazama, unauziwa, unapita. Ndiyo maana leo nazisifia skrini mbili za Chicago, Marekani, ambazo hazimuuzii mtu kitu.

Zinaitwa Crown Fountain. Zilibuniwa na msanii Jaume Plensa wa Hispania, zikafunguliwa mwaka 2004 katika bustani ya Millennium Park. Ni minara miwili ya matofali ya kioo, kila mmoja una kimo cha mita 15 hivi. Inatazamana, na katikati yake kuna maji ya kina kifupi sana. Kwenye minara hiyo hupita sura za wakazi wa jiji wapatao 1,000, kwa zamu. Sura inakutazama, inapepesa macho, kisha inabana midomo na maji yanaruka kutoka mdomoni. Hapo watoto ni kelele tupu, kila mmoja anataka kulowa. Na waliosaidia kurekodi sura hizo ni wanafunzi wa chuo cha sanaa cha hapohapo Chicago, yaani wenzetu.

Wapo watakaosema hiyo si sanaa, ni bwawa la watoto tu. Mimi nasomea ualimu, na siafiki. Tunafundishwa kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza, halafu tukijenga kitu kizuri tunabandika kibao: "Usiguse". Pale hakuna kiingilio wala kibao hicho. Mtoto anasimama chini ya uso wa mtu asiyemjua, anamsubiri kwa hamu. Kumtazama mgeni bila kumwogopa ni somo, tena gumu.

Lakini mahali pa wote panahitaji kulindwa na wote. Mwaka 2006 kamera za ulinzi ziliwekwa juu ya minara hiyohiyo. Kazi iliyowaonyesha watu ikaanza kuwachunguza. Watu wakapiga kelele, kamera zikashushwa. Kwangu mimi, hapo ndipo sanaa ile ilipofaulu mtihani: watu walijua pale ni pao.

Basi siku chuo chochote kikisimamisha skrini uwanjani, tusiishie kuuliza ina inchi ngapi. Tuulize itaonyesha sura za nani. Mama lishe atakuwemo? Mlinzi wa getini je? Na nani ataruhusiwa kukaa pale bila kununua kitu?