Taa za Senene Tunaziwasha, Nondo Hatuwahesabu

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, leo sina maneno ya kubembeleza.

Msimu wa senene ukifika, Omurushaka hapalali. Mabati yanasimamishwa, mapipa yanapangwa chini yake, taa kali zinawashwa na vijana wanakesha. Asubuhi senene wananyonyolewa mabawa, wengine wanakaangwa nyumbani, wengine wanapelekwa sokoni. Na wale wadudu wengine walioangukia kwenye pipa hilo hilo? Wanamwagwa jalalani, kuku wanamalizia.

Kati ya hao wanaomwagwa wamo nondo. Sizungumzii nondo za dukani za kujengea. Nasema vipepeo wa usiku, wale wa kijivu na kahawia wanaogonga balbu. Huyo ndiye mama wa kiwavi utakayemkuta kwenye mahindi baada ya siku chache, ukimbilie dukani na pesa ya ada ya mtoto kununua dawa. Alipita mbele ya macho yako, kwenye taa uliyoiwasha mwenyewe, ukamwaga.

Nasema wazi: mkulima wa Karagwe na Kyerwa anayenunua dawa ya viwavi kila msimu, lakini hana daftari la nondo, anacheza kamari. Na duka linalomuuzia bila kumuuliza ameona nini shambani linakula kwenye kamari hiyo.

Dawa ya kalenda ni dawa ya hofu

Wengi wetu tunanyunyiza kwa njia mbili. Ya kwanza ni kalenda: mahindi yakifikisha wiki tatu, pampu mgongoni, viwavi wawepo wasiwepo. Ya pili ni hofu: jirani katuma picha ya kiwavi kwenye simu, kesho yake kijiji kizima kinanuka dawa. Picha yenyewe pengine ni ya mkoa mwingine, au ya mwaka jana.

Ukinyunyiza mapema kabla ya viwavi, unaua buibui, nyigu wadogo na wadudu wengine waliokuwa wakikulindia shamba bure. Ukinyunyiza kwa kuchelewa, kiwavi mkubwa ameshajificha ndani ya moyo wa mhindi na kinyesi chake kimeziba mlango kama kizibo. Dawa inabaki juu ya majani, yeye anakula ndani. Halafu unasema dawa ni feki. Zipo dawa feki, sikatai, lakini mara nyingi feki ni tarehe uliyonyunyizia.

Na kuna jambo hatulisemi. Senene wanakaa kwenye nyasi. Tunaponyunyiza hovyo hadi pembezoni mwa shamba na kwenye nyasi za jirani, tunanyunyizia kitoweo. Anayekula senene wa Kagera kwa furaha afikirie hilo kabla hajashika pampu.

Kuhesabu nondo si mchezo wa wazungu

Kuna wanaosema kuandika nondo ni kazi ya watafiti. Basi wasikilize historia.

Katika miaka ya 1960, watafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki waliokuwa Muguga, Kenya, walitumia mitego ya taa iliyowekwa sehemu mbalimbali za nchi zetu. Idadi ya nondo ilikusanywa, ikalinganishwa na upepo na mvua. Hapo ndipo ilipoonekana vizuri jinsi nondo wa viwavijeshi wa asili wanavyosafiri na upepo kutoka eneo moja hadi jingine, na jinsi mvua inavyowakusanya. Kabla ya hapo wengi waliona viwavi wameibuka tu kama mkosi. Baadaye mitego ya harufu, ile inayovuta nondo dume wa aina moja, ilichukua nafasi, na Tengeru kule Arusha ikawa kituo cha kutabiri viwavijeshi Tanzania.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilaya ya Kilosa, Morogoro, ilienda mbele zaidi. Kazi ya kutabiri ilipelekwa kijijini kwenyewe. Mwanakijiji akapewa mtego na kipimo cha mvua, akahesabu nondo wa wiki, akaangalia mvua ya wiki hiyo hiyo, kisha akawatangazia wenzake kama kuna hatari au hakuna. Hakuwa profesa. Alikuwa mkulima mwenye daftari.

Uingereza nako, kituo cha Rothamsted kilianza kutega nondo kwa taa mwaka 1933. Kwa kuandika kila usiku, miaka kwa miaka, mitego ya mtandao wake imeonyesha kwamba idadi ya nondo wakubwa ilipungua kwa karibu theluthi moja kati ya 1968 na 2017. Hakuna aliyeweza kuliona hilo kwa macho ya msimu mmoja. Daftari ndilo lililoona.

Sisi kwetu wageni hawajaacha kuingia. Kantangaze, yule anayechimba majani ya nyanya na kutoboa tunda, aliingia nchini mwaka 2014. Kiwavijeshi vamizi kutoka Amerika alithibitishwa hapa mwaka 2017. Wote wawili mama zao ni nondo wa usiku. Sasa niambie, mgeni wa tatu akija, nani hapa kwetu atasema "huyu sijawahi kumwandika"?

Anza hivi

Huhitaji mashine. Unahitaji taa ya sola, shuka jeupe, daftari na kalamu.

Tundika shuka ukutani au kwenye kamba, taa iwe mbele yake kwa urefu wa kifua. Weka mbali na taa nyingine za nyumba na za barabarani. Usiweke katikati ya mahindi, usije ukawaalika nondo shambani mwako. Usiweke beseni la maji na sabuni chini yake kila usiku, kwa sababu utaua hata wadudu wanaokusaidia. Wahesabu kwenye shuka, zima taa, waache waondoke.

Usiku 2 kwa wiki unatosha, mradi siku na saa zisibadilike. Kwa mfano Jumanne na Ijumaa, saa 1:30 hadi saa 3:30 usiku. Balbu iwe ile ile na sehemu iwe ile ile. Ukibadilisha balbu, andika siku uliyobadilisha, maana taa kali zaidi huleta nondo wengi zaidi hata kama shambani hawakuongezeka.

Hujui majina? Usijisumbue kwanza. Gawanya makundi matatu. Wadogo wa kijivu, urefu wa nusu sentimita au zaidi kidogo. Humo ndimo kantangaze anaweza kuwepo. Wa kati, wa kijivu au kahawia, wenye mwili wa sentimita moja na nusu hadi mbili. Humo wamo viwavijeshi wa aina zote mbili na funza wa vitumba. Wengine wote waliobaki ni kundi la tatu. Ukimpata usiyemfahamu na amekuja kwa wingi, mtie kwenye kiberiti kitupu chenye karatasi laini, andika tarehe juu yake, mlete ofisini. Mtego wa harufu ukipatikana kijijini, utumieni pia, kwa kuwa huo huleta aina moja na hupunguza kubahatisha.

Asiyejua kuandika apige vijiti. Mtoto wa darasa la 4 atajumlisha.

Mambo matatu usiyaache

Andika mwezi. Usiku wa mbalamwezi taa yako inakosa nguvu na nondo wanaokuja hupungua. Mimi mwenyewe nilipoanza nilifanya kosa hili. Niliandika namba tupu, bila mwezi na bila mvua. Nilipofungua daftari baadaye sikuweza kujua kama nondo walikuwa wamepungua kweli au ilikuwa mbalamwezi tu. Msimu mzima ukapotea kwa uvivu wa kuandika neno moja.

Andika mvua. Imenyesha leo au haikunyesha, kubwa au manyunyu. Andika hasa siku mvua za vuli na za masika zilipoanza kweli.

Andika sifuri. Usiku ambao hakuna nondo hata mmoja ni habari njema yenye thamani ya chupa ya dawa. Ukiandika siku za nondo wengi tu, daftari lako litakudanganya kwamba kila siku ni vita.

Nondo ni kengele, si hukumu

Hapa wengine watanielewa vibaya, kwa hiyo soma polepole. Kuona nondo wengi kwenye taa si amri ya kunyunyiza. Ni amri ya kwenda shambani.

Jike mmoja wa kiwavijeshi vamizi hutaga mayai kwa mafungu ya 100 hadi 200, na maishani mwake anaweza kutaga zaidi ya 1,000. Kukiwa na joto huanguliwa ndani ya siku 2 hadi 4. Huku kwetu baridi ya usiku inaweza kuchelewesha. Kwa hiyo nondo wa kundi la kati wakiongezeka ghafla, ingia shambani ndani ya wiki hiyo. Tafuta mafungu ya mayai na majani yaliyokwanguliwa yakabaki kama vioo vya dirisha. Mayai ponda kwa vidole. Viwavi wachanga ndio wakati wao wa kufa kirahisi.

Tembea shamba kwa njia ya kukatakata, simama sehemu 5, kagua mimea 20 kila sehemu. Hiyo ni 100. Mahindi yakiwa machanga, ukikuta mimea iliyoshambuliwa upya imefika 20, fikiria dawa. Yakiwa makubwa lakini hayajatoa mbelewele, subiri ifike 40. Yakishatoa mbelewele, weka pampu chini. Utapoteza pesa na kujihatarisha bure.

Na ukifika kwenye dawa, iwe iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), kipimo kiwe cha kwenye lebo na siyo cha kizibo cha soda.

Kwa nini misimu kadhaa

Msimu mmoja ni hadithi. Misimu sita ni ushahidi. Sisi Mungu ametupa vuli na masika, kwa hiyo miaka mitatu inakupa misimu sita ya kulinganisha. Hapo ndipo utaanza kusema: "Kwangu nondo huongezeka siku kadhaa baada ya mvua za kwanza, waliopanda mapema hupona, waliochelewa huliwa." Au utagundua kinyume chake. Mimi siwezi kukuambia lipi ni kweli kwa shamba lako la Nkwenda au Nyaishozi. Kalenda ya dukani nayo haiwezi.

Mwishoni mwa kila msimu ongeza mistari miwili: ulinyunyiza mara ngapi, ulilipa shilingi ngapi. Soma mistari hiyo ukiwa na mwenzi wako nyumbani. Mabishano yatakayotokea yatakuwa na faida.

Kwenu wenye maduka

Najua mtasema afisa ugani anawaharibia biashara. Hapana. Dawa inayokaa rafuni hadi tarehe inapita imekula mtaji wa nani? Mwenye duka anayejua kwamba nondo wamepanda Kaisho wiki hii ataagiza kwa akili. Anayeagiza kwa uvumi atabaki na katoni. Bandikeni karatasi mlangoni, wakulima watatu wa karibu waandike idadi zao kila wiki. Mteja atakuja kusoma, na akija kusoma atanunua jembe, mbegu na chumvi. Atakuamini siku utakayomwambia, "Leo huhitaji dawa, rudi kakague kwanza."

Na kwetu maafisa ugani

Kwetu pia pana lawama, nami nimo. Tunachukua takwimu kwa mkulima, zinapanda juu, hazirudi. FAO ilitoa programu ya simu ya FAMEWS mwaka 2018 kwa ajili ya kiwavijeshi vamizi, na ni jambo jema. Lakini namba iliyoingia kwenye simu yangu na haikusomwa kwenye mkutano wa kijiji haijamsaidia aliyeihesabu. Mkulima aliyeacha kuandika kwa sababu hakupata jibu hana kosa. Kosa ni letu. Ndiyo maana nasema daftari libaki nyumbani kwako. Mimi nije kunakili, nisije kuchukua.

Basi, ndugu yangu, usiku utaingia leo na taa utaiwasha hata hivyo, ya kulia chakula au ya mtoto kusomea. Tundika shuka. Andika tarehe, mwezi, mvua, idadi. Hata ikiwa sifuri, andika sifuri.

Msimu ujao ukinipigia simu kwamba viwavi wamevamia, swali langu la kwanza nimeshakuambia. Usinijibu "wengi sana." Nisomee daftari.