Sinema Zenye Harufu ya Jikoni



Katika kazi zote za nyumbani, hakuna inayofutika upesi kama kupika. Ukifua nguo, zitakaa safi angalau siku moja au mbili. Ukishona gauni, litavaliwa miaka. Lakini chakula tulichokihangaikia tangu alasiri, tukachambua mchele, tukakuna nazi na kukaanga vitunguu, huliwa kwa dakika 20, na kinachobaki ni masufuria ya kuosha. Wengi wetu tumewahi kujiuliza kimoyomoyo: je, kuna anayeona?

Mwezi huu tumechagua sinema tatu zinazolijibu swali hilo, kila moja kwa njia yake. Zote zinamweka mpishi mbele ya wote, na zote zinafaa kuzungumziwa baada ya kutazamwa.

Ya kwanza, na ndiyo tunayoipenda kuliko zote, ni Babette's Feast, yaani Karamu ya Babette. Ilitengenezwa Denmark mwaka 1987 na Gabriel Axel, na mwaka 1988 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Hadithi yenyewe iliandikwa na Karen Blixen, yule mama wa Kidenmark aliyekuwa na shamba la kahawa karibu na vilima vya Ngong, Kenya, kuanzia mwaka 1914 hadi 1931. Nyumba yake huko Karen, Nairobi, leo ni makumbusho. Hadithi hii ilitokea kwanza mwaka 1950 katika gazeti la akina mama la Marekani.

Babette ni mjane Mfaransa. Mumewe na mwanawe wameuawa katika machafuko ya Paris ya mwaka 1871, naye anakimbilia kijiji kidogo cha pwani ya Denmark. Anapokewa na dada wawili wazee, mabinti wa mchungaji aliyekwisha fariki. Hawana fedha za kumlipa, basi anawapikia bure kwa miaka 14: samaki mkavu, na uji wa mkate na bia. Wanakijiji ni watu wa dini sana, lakini tangu mchungaji wao afariki wamekuwa wagomvi. Huyu anamkumbusha yule kosa la miaka iliyopita, na yule hasahau.

Siku moja Babette anashinda faranga 10,000 katika bahati nasibu. Anaomba jambo moja tu: apike karamu ya Kifaransa kwa kumbukumbu ya miaka 100 tangu kuzaliwa kwa mchungaji. Vitu vinapowasili, miongoni mwake kasa aliye hai, dada wale wanaingiwa na hofu kwamba huenda wanaalika dhambi mezani. Waumini wanapatana wale bila kusema neno lolote juu ya chakula.

Lakini kidogo kidogo, supu, ndege kware na divai vinawalegeza. Maadui wa miaka mingi wanaombana msamaha. Usiku wanatoka nje, wanashikana mikono na kuimba wakikizunguka kisima. Jikoni Babette amekaa peke yake, amechoka. Hapo ndipo dada wale wanapojua kwamba zamani alikuwa mpishi mkuu wa hoteli mashuhuri ya Paris, na kwamba fedha zake zote zimekwisha kwa chakula kile kimoja.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkimbizi huyu hakuhubiri hata neno moja, ila wenyeji wake walipona. Pengine ndiyo sababu Papa Fransisko aliitaja sinema hii mwaka 2016 katika waraka wake juu ya upendo katika familia.

Ya pili inatoka Taiwan: Eat Drink Man Woman, ya Ang Lee, mwaka 1994. Mzee Chu ni mpishi hodari na mjane mwenye mabinti watatu watu wazima. Kila Jumapili huwaandalia chakula cha kumshinda hata bwana harusi, lakini mezani hakuna raha. Mabinti wanaona meza ile ni mzigo, na baba naye hawezi kutamka kwamba anawapenda. Tena ulimi wake umeanza kupoteza ladha. Hatutawaharibia mwisho. Tunasema tu kwamba mabakuli yanaweza kujaa huku mioyo ina njaa. Nani kati yetu hajawahi kusema "kula mwanangu" wakati alitaka kusema jambo kubwa zaidi?

Ya tatu ni The Lunchbox, ya India, iliyotengenezwa na Ritesh Batra mwaka 2013. Ila ni mke kijana wa Mumbai ambaye mumewe hamwangalii tena. Anajitahidi kumrudisha kwa mapishi, na kila asubuhi anamkabidhi chakula mmoja wa wale wachukuzi waitwao dabbawala, wanaopeleka vyakula vya nyumbani hadi maofisini. Siku hiyo mkebe unarudi mtupu kabisa, naye anafurahi. Jioni mume anasifu koliflawa ambayo Ila hakuipika! Kumbe chakula kimemfikia karani mmoja mjane, naye Ila anaanza kuandikiana barua na mtu huyo.

Tunaipendekeza sinema hii kwa tahadhari, kwa kuwa kumfungulia moyo mwanamume mwingine ni njia yenye utelezi. Hata hivyo, tusiharakishe kumhukumu Ila kabla ya kuona jinsi nyumba yake ilivyofikia hapo. Mume hakumpiga wala kumtukana. Alikula bila kumtazama tu. Kina baba nao waitazame.

Tunajifunza nini, basi? Kwanza, kupika ni zawadi, lakini hakuwezi kubeba maneno yetu yote. Kama una jambo na mumeo, usilifiche ndani ya pilau ukitumaini atalionja. Mwambie kwa upole, mkiwa wawili. Pili, tuwafundishe watoto, wavulana kwa wasichana, kumshukuru aliyepika kabla hawajaondoka mezani, awe mama, shangazi, au msichana wa kazi. Huyu wa mwisho ndiye husahauliwa zaidi, naye mara nyingi ametoka mbali kama Babette.

Jumamosi moja mwezi huu pikeni kitu chepesi, muiazime au muitafute mojawapo ya sinema hizi, muitazame pamoja. Halafu ulizeni mezani: ni chakula gani cha nyumba hii ambacho hutakisahau, na ni nani alikupikia? Majibu yatawashangaza.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.